Mikutano ya kusaidiana kuacha pombe Mbeya, Iringa na Njombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu waliotuuliza ana kwa ana, kwa simu, au kwa kumtuma mtu mwingine aulize kwa niaba yao. Anayejibu hapa si daktari. Ni mtu aliyekuwa mlevi, ambaye amekaa katika vikao hivi kwa miaka kadhaa, na ambaye angependa kila anayesoma ukurasa huu apate mahali pa kukaa salama kabla ya wiki hii kwisha. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Mkutano wa kusaidiana ni nini hasa?

Ni kikao cha watu wenye tatizo la pombe wanaokutana kwa saa moja au moja na nusu, mara moja au zaidi kwa wiki, ili kila mmoja aeleze yaliyompata na jinsi anavyoishi leo bila kunywa. Hakuna mhubiri, mhadhiri wala hakimu. Anayeongoza ni mwenzenu aliyewahi kushindwa na pombe kama ninyi, na wiki ijayo ataongoza mwingine.

Mtindo unaofuatwa na vikundi vingi ulianzia Marekani, mjini Akron, mwaka 1935, pale mfanyabiashara mmoja na daktari mmoja, wote walevi, walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hamu ya kunywa ilipungua kuliko walipohubiriwa na watu wasioijua hamu hiyo. Kutokana na mazungumzo yao ilizaliwa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, pamoja na mwongozo wake wa Hatua 12. Vipo pia vikundi visivyofuata AA, vingine vikiwa chini ya makanisa na vingine chini ya kliniki za afya ya akili. Kwa mtu anayeanza, tofauti hiyo si kubwa, kwani jambo la muhimu ni kuwamo chumbani watu walioacha.

2. Mimi hunywa ulanzi tu, tena wakati wa msimu. Je, hilo ni tatizo?

Aina ya kinywaji haiwezi kukujibu. Alkoholi iliyomo katika ulanzi ni ileile iliyomo katika komoni, kimpumu, bia na gongo, ingawa vipimo vinatofautiana. Hata ulanzi mtamu uliogemwa asubuhi huwa umeanza kuchachuka kabla ya jioni.

Jiulize mambo mengine. Msimu wa ulanzi ukiisha, unahamia wapi? Serikali ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo, tarehe 1 Machi 2017, wenzetu kadhaa walidhani wameachishwa kwa amri, na baada ya siku chache wakajikuta wanatafuta kitu kingine cha kujaza nafasi ileile. Je, unaamka ukilazimika kuzimua ndipo mikono itulie? Je, fedha ya mbolea au ya ada imewahi kuishia kilabuni huku ukiwa umeapa kwamba utakunywa moja tu? Je, watoto hunyamaza wanapokusikia unafungua mlango? Ukijibu ndiyo kwa moja tu kati ya haya, njoo usikilize. Sharti la kuingia AA ni hamu ya kuacha kunywa. Hakuna atakayekupima wala kukutaka uthibitishe kwamba umeharibikiwa vya kutosha.

3. Je, mikutano hii inasaidia kweli, au ni maneno tu?

Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Mapitio hayo yalionyesha kwamba pale wataalamu walipowaandaa na kuwaunganisha wagonjwa na AA kwa utaratibu maalumu, watu wengi zaidi walikaa bila kunywa kabisa kwa mwaka mzima kuliko waliopewa tiba nyingine zilizozoeleka. Haina maana kwamba kila anayeingia hupona. Waliofaidika zaidi ni wale walioendelea kuhudhuria, na hilo ndilo tunaloliona hata huku kwetu: kikao kimoja hutuliza moyo, lakini vikao vingi ndivyo vinavyobadilisha mwenendo wa siku.

## Usalama kabla ya kuacha

4. Nimeamua kuacha leo. Je, niache ghafla kabla ya kuja?

Tafadhali soma jibu hili hadi mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kuokoa maisha. Mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, hasa anayezimua asubuhi, mwili wake umezoea kufanya kazi ndani ya pombe. Ikiondolewa ghafla, arosto huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kukosa usingizi. Wapo wanaopata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Wapo ambao siku ya pili au ya tatu huchanganyikiwa, hupata homa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Kijijini watu husema mgonjwa amerogwa, wakampeleka kwa mganga huku saa zikipotea.

Kwa hiyo, kama umewahi kupata degedege ulipojaribu kuacha, kama unatetemeka kila asubuhi, kama una mimba, au kama una ugonjwa mwingine mkubwa, anzia hospitali. Mweleze mganga ukweli wote kuhusu kiasi unachokunywa, bila kupunguza. Hospitalini zipo dawa za kutuliza arosto kwa siku chache, na wengi huhitaji pia vitamini B1, ambayo ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini. Usijinunulie dawa za usingizi dukani, kwa sababu zikichanganyika na pombe huweza kusimamisha pumzi.

Kuhudhuria mkutano hakukulazimu uwe umekwisha kuacha. Unaweza kuja wiki hii ukiwa bado unakunywa, ukaenda hospitali wiki hiyohiyo, na ukarudi kikaoni ukiwa na wenzako wanaojua ulipofikia.

## Kuutafuta mkutano

5. Nitaupataje mkutano nikiwa Mbeya, Iringa au Njombe?

Vikundi vya namna hii havibandiki mabango barabarani, na vingine huhama chumba mara kwa mara. Njia ya uhakika zaidi ni kupitia watu ambao kazi yao huwakutanisha na walevi wanaotaka kuacha. Anza na kliniki ya afya ya akili katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe: kwa Mbeya ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na kwa Iringa na Njombe ni hospitali za rufaa za mikoa. Usiishie dirisha la mapokezi kwa kuuliza tu, “Mna kikundi cha walevi?” Omba kuonana na muuguzi wa afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii, umwambie kwamba unatafuta watu walioacha pombe wanaokutana, au mtu mmoja tu aliyeacha ambaye yuko tayari kuzungumza nawe. Ombi la pili mara nyingi hupata jibu upesi kuliko la kwanza.

Mlango wa pili ni nyumba za upataji nafuu zinazowahudumia waraibu wa dawa za kulevya na pombe. Nyingi kati ya hizo, hasa zilizoko pwani na Zanzibar, hufuata Hatua 12, na waliopitia humo na kurudi nyanda za juu hujuana. Mlango wa tatu ni mchungaji, padri au shehe unayemwamini. Mara nyingi anawafahamu watu watatu au wanne walioacha, hata kama wao wenyewe hawajuani.

Ukipewa siku na saa, thibitisha kwa simu siku ileile kabla hujapanda gari. Mtu aliyetoka Mbalizi au Ipogolo kwa nauli ya mwisho, akakuta mlango umefungwa, huwa na njia fupi sana ya kufika kilabuni.

6. Je, naweza kuhudhuria kwa simu?

Ndiyo. AA ina mikutano mingi kwenye intaneti kwa saa zote, mingi kwa Kiingereza, na haina kiingilio. Angalia majira: sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, kwa hiyo mkutano uliotangazwa kuwa saa 6 mchana kwa saa hiyo, kwetu ni saa 9 alasiri. Unaweza kuzima kamera, ukaandika jina moja tu, na kusikiliza. Picha hula bando haraka, lakini sauti peke yake haili sana.

Ninawashauri walioko mbali, kama Makete au Ludewa, watumie njia hii bila kusita. Hata hivyo, kama ipo njia yoyote ya kumwona mtu uso kwa uso hata mara moja kwa mwezi, itafute, kwa sababu simu haikusindikizi nyumbani siku ya mshahara.

7. Ni kiasi gani?

Bure. Mwishoni hupitishwa kofia au kikapu kwa ajili ya chai na gharama za chumba, na asiye nacho hukipitisha kwa jirani bila maelezo. Vikundi vya AA havipokei fedha kutoka nje, iwe ya mfadhili au ya mwanasiasa. Ukikuta mahali wanapokudai ada ya “kuondolewa pombe” kwa kikao kimoja, hapo si mkutano wa kusaidiana.

## Siku ya kwanza

8. Nikifika, kutatokea nini?

Utasalimiwa. Katika vikundi vya Iringa na Njombe huenda ikawa ni “Kamwene” na kupeana mkono, kisha utaonyeshwa kiti. Anayeongoza husoma maneno mafupi ya kueleza kusudi la kikao, mara nyingine na sehemu ya Hatua 12, halafu wenye kutaka huzungumza mmoja baada ya mwingine. Anayezungumza hutaja jina lake la kwanza. Wengine hawamkatizi, hawamjibu na hawamshauri. Kwa sisi tuliolelewa kwenye vikao vya ukoo, ambako kila neno hupata mjibuji, ukimya huo hushangaza mwanzoni. Mimi nilidhani hawajanisikia. Baadaye nilielewa kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kunisikiliza bila kuandaa karipio.

Kikao hufungwa kwa sala fupi au kimya cha dakika moja, na baada ya hapo watu hubaki kunywa chai. Usikimbie wakati huo wa chai, kwani ndipo utakapopata namba mbili tatu za watu wa kuwapigia.

9. Je, ni lazima nizungumze?

Hapana. Sema, “Leo nasikiliza,” na zamu itaenda kwa jirani yako. Wapo waliosikiliza miezi miwili kabla ya kutamka neno.

10. Nikifika nikiwa nimekunywa?

Njoo hivyohivyo. Utaombwa usikilize tu siku hiyo na usiingie na chupa. Ukishindwa kutulia, mmoja wetu atatoka nje kukaa nawe. Kama hali yako ni ile iliyoelezwa katika swali la 4, tutakupeleka hospitali kwanza.

## Siri na imani

11. Mji huu ni mdogo. Watu si watanijua?

Inawezekana ukamkuta unayemfahamu. Kumbuka kwamba naye amekuja kwa sababu ileile. Kanuni ni kwamba uliyemwona na uliyoyasikia hubaki chumbani, na anayeivunja huambiwa waziwazi. Ukitaka, nenda mkutano wa mji mwingine kwa miezi ya mwanzo. Yupo mwenzetu aliyekuwa akisafiri kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini kwa sababu hiyo, na hakuna aliyemlaumu.

Lakini ni haki uambiwe pia mipaka yake. Wana kikundi si madaktari wala mawakili, na siri yao ni ahadi ya kiungwana, haina ulinzi wa kisheria. Mambo yanayoweza kukufikisha mahakamani mweleze wakili au kiongozi wako wa dini faraghani. Kuhusu hofu ya majirani, sisi wenyewe tuligundua kwa uchungu kwamba wao walikwisha kujua habari zetu siku nyingi, maana walituona tukirudi nyumbani.

12. Mimi ni Mwislamu, na vikao vinafanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Itakuwaje?

Ukumbi ni wa kuazima. Hatua 12 zinamtaja Mungu “kadiri tunavyomwelewa”, na kila mtu husali kwa imani yake au hukaa kimya. Ndugu zetu Waislamu hubeba mzigo wa ziada, kwa sababu kukiri ulevi ni kukiri pia jambo lililoharamishwa, na wengi huteseka peke yao kwa kuogopa msikiti kuliko kuogopa ugonjwa. Kwetu hawataulizwa hilo. Na asiye na dini yoyote naye anakaribishwa.

## Kwa familia

13. Mume wangu hataki kusikia habari za mkutano. Nifanye nini?

Njoo wewe. Mikutano iliyo wazi hupokea ndugu na marafiki, tofauti na ile ya faragha inayowahusu wenye tatizo pekee. Uliza kabla ni wa aina gani. Tangu mwaka 1951 ipo pia jumuiya ya Al-Anon kwa ajili ya familia za walevi, nayo ina mikutano ya mtandaoni. Humo utajifunza jambo gumu: kuacha kumlipia madeni ya kilabuni, kuacha kumdanganyia mwajiri wake kwamba ana malaria, na kuzungumza naye asubuhi akiwa mzima badala ya usiku. Akikupiga, tafuta kwanza usalama wako na wa watoto. Nenda dawati la jinsia polisi au kwa ustawi wa jamii. Ulevi wake hauhalalishi kipigo.

14. Nimeambiwa ipo dawa ya kumchanganyia kwenye chai bila yeye kujua. Niitumie?

Usiitumie. Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na akina mama, na ninajua linatoka mahali pa kuchoka kabisa. Ipo dawa ya hospitali, disulfiramu, ambayo humfanya anayekunywa pombe juu yake apatwe na wekundu wa uso, kutapika, mapigo ya moyo kwenda kasi na presha kushuka. Hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyeacha kunywa kwa muda, na aliyepimwa ini na moyo. Ukimpa kwa siri, kisha akaenda kilabuni kama kawaida, anaweza kuanguka na kufa. Zile zinazouzwa mitaani kwenye karatasi au chupa zisizo na lebo ni hatari zaidi, kwa sababu hata muuzaji hajui kilichomo. Na akigundua, hatakula tena chakula chako kwa amani, wala hatakuamini siku utakapomshauri kwenda hospitali.

## Hali za pekee

15. Ninatumia ARV. Nikinywa pombe, niache dozi ya siku hiyo?

Usiache dozi. Wapo wanaoruka dawa siku wanayokunywa wakidhani wanaulinda mwili, kumbe wanavipa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Meza kama ulivyoelekezwa, na umweleze mhudumu wa kliniki kuhusu unywaji wako. Kwa wanaotibiwa kifua kikuu, ukweli huo ni wa lazima zaidi, kwa kuwa baadhi ya dawa zake zikikutana na pombe huumiza ini.

16. Ninapika komoni, na ndiyo inayosomesha wanangu. Je, nitafukuzwa?

Hutafukuzwa. Hatukutani ili kuhukumu jiko la mtu. Lakini tuseme ukweli kwamba kuacha pombe huku ukiionja kila pipa ni vigumu mno, kwa sababu kuonja nako ni kunywa. Mama mmoja wa kikundi chetu alimkabidhi dada yake kazi ya kuonja na kuuza, yeye akabaki na kununua mahindi na ulezi wa kimea. Baada ya mwaka akahamia kuuza togwa na maandazi. Kipato kilishuka kwa miezi kadhaa, na wenzake ndio waliomkopesha unga. Si kila mtu ataweza njia hiyo, na hatuwezi kukuamuru, ila usijifiche kwa sababu ya biashara yako.

17. Mimi ni mlinzi wa usiku. Bila kitu cha kupasha mwili, baridi ya Juni itaniua.

Pombe hukufanya uhisi joto kwa kupeleka damu kwenye ngozi, na hapo ndipo joto la ndani linapotoka. Aliyelewa nje usiku hupoa haraka kuliko aliye mzima. Chupa ya chai ya tangawizi, soksi mbili na koti zito vitakufaa zaidi.

18. Nilikaa miezi minane, kisha nikanywa msibani. Naweza kurudi?

Rudi kikao kinachofuata. Usisubiri uwe msafi kwanza. Utahesabu siku upya, lakini uliyojifunza kwa miezi minane hayajafutika. Kama umekunywa mfululizo kwa siku nyingi, soma tena swali la 4 kabla ya kukatiza.

Misiba, harusi na vikao vya mahari ndiko wengi wetu tunakoangukia, kwa kuwa kukataa kikombe huonekana kama kumkataa aliyekitoa. Kabla ya kwenda, mweleze mlezi wako, yaani mwenzako wa siku nyingi aliyekubali kukushika mkono, saa utakayofika na saa utakayoondoka. Omba kazi inayokuweka mbali na pipa: kupasua kuni, kupokea wageni, kuandika michango. Ukilazimishwa, “Daktari amenikataza” ni jibu ambalo hata wazee wakali huliheshimu.

19. Nimetafuta kwa njia zote za swali la 5 na hakuna mkutano karibu. Nimebaki na nini?

AA inasema kwamba walevi wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha wanaweza kujiita kikundi, mradi kikundi hicho kisifungamane na taasisi nyingine. Mtafute mmoja. Mwambie muuguzi wa zahanati na kiongozi wako wa dini kwamba akitokea mtu anayeomba msaada, ampe namba yako kwa ridhaa yake. Ombeni chumba kisicho jirani na kilabu: darasa baada ya masomo au ofisi ya mtaa. Chagueni siku moja na saa moja, na msiibadilishe hata mkiwa wawili.

Kutakuwa na wiki ambazo mwenzako hatafika. Fungua mlango saa ileile, washa jiko la chai, soma Hatua 12 kwa sauti, ukae saa nzima ndipo ufunge. Kikundi chetu kilianza hivyo, na katika mwezi wa kwanza nilikaa peke yangu Jumanne tatu. Jumanne ya nne aliingia kijana wa bodaboda aliyekuwa ameuona mwanga dirishani kwa wiki mbili, akauliza kama kuna mkutano.